Mtoto wetu anaanza sekondari Marekani: maswali ya wazazi wa viungani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kutafsiri kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili kwenye sekondari ya umma iliyo nje kidogo ya jiji kubwa la Marekani. Wapo waliotoka Kigoma, wapo waliozaliwa Uvira wakakulia kambini Nyarugusu, wapo wa Mombasa na wa Nakuru, na maswali yao yanafanana kuliko wanavyodhani. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi. Mambo mengi ya elimu hapa huamuliwa na jimbo, kwa hiyo pale ninaposema inategemea jimbo, waulize wilaya yenu. Pale ninaposema ni sheria ya nchi nzima, simama juu yake bila woga.

Shule ya umma ni shule ya serikali, kama kule kwetu?

Siyo sawasawa. Kule kwetu wizara ndiyo inayopanga mtaala na kutunga mtihani wa taifa. Hapa Katiba ya nchi haitaji elimu hata mara moja. Kazi hiyo imeachiwa majimbo, na majimbo yameikabidhi kwa wilaya za shule, ambazo ziko takriban 13,000 nchi nzima. Usiichanganye wilaya ya shule na wilaya ya utawala. Hiki ni chombo kinachojitegemea, chenye mipaka yake, bajeti yake, mkurugenzi wake na bodi yake, na kwa kawaida wajumbe wa bodi huchaguliwa kwa kura na wakazi. Mwalimu mkuu wa mwanao ameajiriwa na wilaya, hakutumwa kutoka Washington.

Ada hakuna. Mtihani wa kuingia hakuna. Mtoto anayeishi ndani ya mipaka ana nafasi yake, awe alifaulu au alishindwa huko alikotoka. Jambo hili halikuja lenyewe. Sekondari ya kwanza ya umma ilifunguliwa Boston mwaka 1821, ya wavulana tu, na miaka 50 baadaye bado kulikuwa na walipa kodi waliotaka fedha zao ziishie shule ya msingi. Mwaka 1874 Mahakama ya Juu ya Michigan, katika kesi iliyotoka mji wa Kalamazoo, iliamua kwamba kodi inaweza kulipia sekondari pia. Kiti anachokalia mwanao kimeanzia huko.

Kwa nini wanauliza anwani kabla ya kuuliza jina la mtoto?

Kwa sababu anwani ndiyo inayompa kiti. Mpaka wa wilaya unaweza kupita katikati ya barabara: watoto wa upande huu wanapanda basi la shule moja, wa upande ule la shule nyingine, na shule hizo mbili zikawa na uwezo tofauti kabisa. Hapa nitakaa kidogo, maana mzazi asiyelielewa jambo hili atadhani shule nzuri ni bahati tu.

Fedha za shule za umma hutoka mifuko mitatu. Jimbo hutoa karibu nusu, wenyeji wa eneo hutoa karibu nusu nyingine, na serikali kuu huongeza sehemu ndogo, mara nyingi kama asilimia 8 hadi 10. Fungu la wenyeji hutokana zaidi na kodi ya majengo. Mtaa wa nyumba za bei kubwa unaweza kutoza kiwango kidogo cha kodi na bado ukapata fedha nyingi. Mtaa wa nyumba za bei ndogo unaweza kujikamua kwa kiwango kikubwa na bado ukapungukiwa na walimu wa fizikia. Wazazi wa Edgewood, eneo la San Antonio, Texas, akiwemo Demetrio Rodriguez, walilipeleka jambo hili mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema elimu haimo kati ya haki za msingi zinazolindwa na Katiba ya nchi. Tangu hapo mapambano ya mgao wa fedha yamehamia kwenye mahakama za majimbo, na kwingine yamezaa matunda.

Mipaka yenyewe nayo ina historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia viunga vya miji vilijengwa kwa kasi kubwa, kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali kuu. Levittown ya New York, iliyoanza kujengwa mwaka 1947, ilikuwa na mikataba iliyokataza nyumba zake kukaliwa na asiye mzungu. Mwaka 1954 kesi ya Brown iliharamisha kuwatenga wanafunzi kwa rangi. Lakini mwaka 1974, katika kesi ya Milliken iliyohusu Detroit, Mahakama ya Juu ilisema wilaya za viungani haziwezi kulazimishwa kuingia kwenye mpango wa kuchanganya wanafunzi wa jiji na wa viunga, ikiwa haikuthibitika kwamba zenyewe zilihusika na ubaguzi huo. Jaji Thurgood Marshall, aliyeitetea kesi ya Brown akiwa wakili miaka 20 kabla, aliandika kuupinga uamuzi huo. Kwa maoni yangu hapo ndipo mpaka wa wilaya ulipogeuka ukuta. Leo viunga si vya wazungu peke yao wala si vya matajiri peke yao, na familia nyingi zetu zinafikia huko moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Mistari ile ya zamani, hata hivyo, ingalipo kwenye ramani.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa upangaji, piga simu wilayani, taja anwani kamili, uliza inaangukia shule ipi. Mpangaji ana haki ile ile aliyo nayo mwenye nyumba. Na la pili, usiandikishe mtoto kwa anwani ya shemeji wakati mnalala kwingine. Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alihukumiwa na kukaa jela siku kadhaa kwa kuwasomesha binti zake kwa anwani ya baba yake aliyeishi kwenye kiunga cha jirani. Moyo wake naufahamu vizuri. Njia ile ndiyo ya hatari.

Tunahitaji karatasi gani? Na je, wataulizia makaratasi ya uhamiaji?

Kwa kawaida wanataka uthibitisho wa makazi, kama mkataba wa upangaji au bili ya umeme. Uthibitisho wa umri. Kadi ya chanjo. Na ripoti za shule ya nyuma kama zipo. Kama kadi ya chanjo ilipotea safarini, mtoto atachanjwa upya kwenye kliniki ya kaunti, na hilo si kosa lako.

Kuhusu uhamiaji, sheria ni ya nchi nzima. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler iliyotoka Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya bure ya umma kwa sababu hana kibali cha kuishi nchini. Namba ya hifadhi ya jamii haiwezi kuwa sharti la kuandikishwa. Ukiona nafasi yake kwenye fomu, unaweza kuiacha wazi.

Kuna kundi jingine ambalo halijui lina kinga. Familia iliyopoteza nyumba, au iliyojibanza sebuleni kwa ndugu kwa sababu ya kukosa kodi, inahesabiwa na sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 kuwa haina makazi. Mtoto wa familia hiyo anatakiwa aandikishwe papo hapo, hata bila kadi ya chanjo wala uthibitisho wa anwani, na karatasi zitafuatiliwa yeye akiwa darasani. Kila wilaya lazima iwe na mtu maalumu wa kushughulikia watoto hawa. Watu wetu huona haya kusema "tunajibanza", wanasema "tunakaa kwa kaka". Ukweli huo mdogo ukifichwa, mtoto anaweza kukaa nyumbani wiki nzima bure.

Mwanangu ana miaka 17 na aliishia kidato cha pili. Watampokea?

Ndiyo, katika majimbo mengi kijana anaweza kusoma sekondari ya umma bure hadi afikishe miaka 20 au 21. Sekondari hapa ni darasa la 9 hadi la 12. Atapangwa kufuatana na masomo aliyokwisha kumaliza, na ndiyo maana ripoti za zamani zina thamani ya dhahabu. Kama shule ya huko nyuma ilikuwa kambini au ilichomwa moto vitani, sema hivyo na waombe wampime kwa mazungumzo na majaribio.

Utasikia mtu ofisini akishauri kwamba kijana wa umri huo aende moja kwa moja kutafuta cheti cha watu wazima, kile cha kusimama badala ya cheti cha sekondari. Inawezekana ikawa njia nzuri kwake, lakini uamuzi ni wenu. Usikubali siku ya kwanza, mkiwa bado mmesimama kaunta. Rudi nyumbani, kaa na kijana, mwulize anataka nini. Nimeona vijana walioingia na miaka 18 bila sentensi moja ya Kiingereza wakahitimu wakiwa na 21, na wale waliosukumwa nje siku ya kwanza wengi wao sikuwaona tena darasani kokote.

Fomu inauliza lugha ya nyumbani. Tukiandika Kiswahili, si watamweka darasa la chini?

Andika ukweli. Ukiandika Kiswahili, mtoto atapewa jaribio la Kiingereza, na akionekana anahitaji msaada atapata masomo ya lugha pamoja na masomo ya kawaida. Haki hii ilipatikana kwa jasho la familia za Kichina za San Francisco, ambazo watoto wao walikuwa wanakalishwa darasani bila kuelewa neno. Katika kesi ya Lau ya mwaka 1974, Mahakama ya Juu ilisema kumpa mtoto kitabu na mwalimu yule yule hakutoshi ikiwa lugha haielewi.

Hofu yako lakini nayo ina msingi. Kuna watoto wanaobaki kwenye madarasa ya lugha miaka mingi, huku hesabu wanayofundishwa ni ile waliyoimaliza Tabora. Kila mwaka wanapimwa tena. Uliza amepata alama ngapi, na uliza bado anahitaji ngapi ili atoke. Kiingereza kidogo si sababu ya kumnyima aljebra anayoiweza.

Mtoto ndiye anayejua Kiingereza. Si atutafsirie tu?

Hapana. Hapana kabisa. Swali hili ningelijibu kila siku kama ningepewa nafasi.

Nilialikwa siku moja kwenye kikao, nikafika kimeshaanza. Binti wa miaka 15 alikuwa anamtafsiria mama yake habari za mdogo wake, ambaye walimu walidhani ana tatizo la kujifunza na walikuwa wanaomba ruhusa ya kumpima. Mwanasaikolojia wa shule alitumia neno ambalo binti hakulijua kwa Kiswahili, na nadhani hata kwa Kiingereza hakulijua. Alinyamaza kidogo. Kisha akamwambia mama, "Wanasema yuko sawa tu, utie sahihi." Hakudanganya kwa ubaya. Alikuwa mtoto, amebebeshwa mzigo wa mtu mzima mbele ya watu sita waliokuwa wanamtazama mdomo. Tulisimamisha kikao, tukaanza upya, na mama alipoelewa aliuliza maswali mazito na mazuri kwa nusu saa.

Chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa kwenye mambo muhimu, na mkalimani halipwi na mzazi. Sema mapema, si siku ya kikao. Kama mkalimani wa ana kwa ana hayupo, wanaweza kutumia wa simu. Taja pia Kiswahili chako. Mkalimani wa Nairobi na mama wa Fizi wakati mwingine wanapishana kwenye maneno ya hospitali na ya shule, na mzazi ana haki ya kusema "sijamwelewa huyu".

Nikiwa hapo hapo: mtoto mwenye ulemavu au tatizo la kujifunza analindwa na sheria ya nchi nzima iliyopitishwa mwaka 1975. Anaandikiwa mpango wake mwenyewe, unaoitwa IEP, na shule haiwezi kumpima kwa mara ya kwanza wala kuanza kumpa huduma hizo bila sahihi ya mzazi. Unaruhusiwa kuichukua karatasi uende nayo nyumbani kabla ya kutia sahihi. Kwetu wengi huogopa mpango huu kwa sababu wanasikia "mtoto wako ni mjinga". Maana yake si hiyo. Ni ahadi ya maandishi ambayo shule ikiivunja unaweza kuidai.

Mtihani wa mwisho ni lini?

Hakuna mtihani wa taifa unaobeba kila kitu kama ule wa kidato cha nne. Hili huwachanganya wazazi wetu kuliko jingine lolote, kwa sababu tumezoea mtoto kupumzika mwanzoni na kukesha mwishoni. Hapa kila somo analofaulu linampa krediti, na krediti zikitimia idadi inayotakiwa na jimbo na wilaya, anahitimu. Alama zote kuanzia darasa la 9 zinaingia kwenye wastani mmoja uitwao GPA, mara nyingi kwa kipimo cha hadi 4.0, na huo ndio chuo kikuu kitauona. Mwanafunzi anayeamka darasa la 11 anakuta miaka miwili imeshaandikwa.

Kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa. Chukua kijana aliyepata 90, 90 na 90, kisha kazi ya nne hakuipeleka. Sifuri ile inashusha wastani wake hadi 67.5. Wako watoto wetu wenye akili kali wanaopata alama za chini kwa sababu hii tu: wanafanya kazi, hawaiwasilishi. Wilaya nyingi zina programu ya simu ambako mzazi anaona alama na kazi zinazokosekana. Omba neno la siri lako mwenyewe, usitumie la mtoto.

Halafu angalia ngazi ya madarasa. Somo moja laweza kuwa na darasa la kawaida, la juu, na lile la AP lenye kiwango cha chuo, ambalo mwezi Mei lina mtihani unaotolewa alama 1 hadi 5. Akipata alama nzuri vyuo vingi humhesabia. Anayempangia mtoto ngazi ni mshauri wa wanafunzi. Chama cha kitaifa cha washauri hao kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi ziko mbali na hapo, kwa hiyo mshauri hamjui mwanao. Anajua karatasi. Nenda ukamwambie huyu mtoto alikuwa wa kwanza katika hesabu huko alikotoka. Nimeona watoto wakihamishiwa darasa la juu kwa mazungumzo ya dakika kumi ambayo mzazi aliogopa kuyaanzisha kwa mwaka mzima.

Chakula na usafiri vikoje?

Chakula cha mchana cha shule kinasimamiwa na sheria ya mwaka 1946. Familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu hupata bure, na hadi asilimia 185 hulipa bei iliyopunguzwa. Baadhi ya majimbo, California na Maine yakiwa ya mwanzo, huwapa wanafunzi wote bure. Jaza fomu hata kama mwanao anabeba chakula kutoka nyumbani, kwa sababu jibu la fomu hiyo hufungua mengine: nafuu ya ada ya mtihani wa AP, ya SAT (mtihani wa kuombea chuo), na ya maombi ya chuo. Kama hamli nguruwe, andikeni na msemeni jikoni.

Basi la manjano linajulikana. Rangi hiyo ilikubaliwa kwenye mkutano wa wataalamu mwaka 1939 kwa kuwa inaonekana mapema alfajiri. Umbali wa kustahili kupanda hutegemea jimbo na wilaya. Kwa kuwa viunga vingi havina usafiri mwingine wa maana, uliza kama kuna basi la jioni kwa wanaobaki kwa michezo au masomo ya ziada.

Michezo si inampotezea muda?

Nilikuwa na mawazo hayo. Siku hizi namshauri kila mtoto mgeni aingie timu moja au kikundi kimoja, hata kama ni kwaya, kwa sababu ndani ya miezi miwili anakuwa na watu wa kukaa nao mezani wakati wa chakula. Hiyo si kitu kidogo. Mtoto mgeni anayekula peke yake kwa mwaka mzima hawezi kusoma vizuri.

Majaribio ya timu za msimu wa kwanza hufanyika Agosti, mara nyingi kabla masomo hayajafunguliwa, na wengi wetu tunakosa kwa kutojua. Anahitaji fomu ya daktari. Ada ikiwepo, uliza msamaha. Na mabinti wana haki sawa ya michezo kwa sheria ya mwaka 1972. Kabla ya sheria hiyo wasichana wa sekondari waliocheza hawakufika 300,000 nchi nzima. Leo ni zaidi ya milioni 3. Kule viungani Ijumaa usiku mji mzima huhamia uwanja wa mpira wa Kimarekani, wazee kwa watoto. Nendeni hata kama sheria za mchezo hamzijui. Ndipo mtakapojuana na majirani.

Binti yangu anavaa hijabu. Na je, mtoto anaweza kuswali shuleni?

Anaweza. Shule ya umma hairuhusiwi kuongoza sala. Hilo liliamuliwa mwaka 1962. Lakini mwanafunzi mwenyewe anaruhusiwa kuomba au kuswali bila kuvuruga masomo, na shule nyingi zikiombwa hutafuta chumba tulivu cha adhuhuri. Hijabu ni haki yake. Sikukuu za Idi zitaandikwa udhuru ukipeleka barua mapema.

Asubuhi utasikia kiapo cha bendera. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ilisema mwanafunzi halazimishwi kukitamka, katika kesi iliyoletwa na familia za Mashahidi wa Yehova. Wazazi wetu Mashahidi, ambao baadhi yao waliteseka kwa jambo hilo nchi nyingine, hushusha pumzi ninapowaambia.

Mtoto akikosea, nini kitatokea?

Majimbo mengi yamepiga marufuku viboko shuleni, ingawa kadhaa, hasa ya kusini, bado yanaviruhusu. Adhabu utakayoisikia zaidi ni kubaki baada ya masomo, na kusimamishwa. Kwa uamuzi wa mwaka 1975, kabla ya kumsimamisha mwanafunzi shule inatakiwa imweleze anatuhumiwa nini na imsikilize upande wake, isipokuwa kama kuna hatari ya papo hapo. Takwimu za serikali kuu zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watoto weusi husimamishwa kwa kiwango kinachozidi sehemu yao shuleni. Kwa hiyo mtoto akirudi na barua, usianze na kumgombeza. Anza na kumwuliza, kisha nenda shuleni ukaombe maelezo ya maandishi. Ukifika ukiwa mtulivu na una daftari mkononi, watajua kuna mtu nyuma ya mtoto huyu.

Kwenye shule nyingi kuna askari polisi. Mfundishe mwanao kwamba yule si mwalimu, na akitaka kumhoji juu ya kosa, anaweza kusema kwa adabu kwamba anaomba mzazi wake aitwe kwanza.

Nanyi wazazi, jueni hili: mwalimu akishuku mtoto anapigwa nyumbani, sheria inamlazimu kutoa taarifa. Hafanyi hivyo kwa chuki. Nimekaa na akina baba waliolia kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema.

Mtoto amesema walizima taa wakajificha darasani. Ni nini?

Ni mazoezi ya kujikinga na mtu mwenye silaha. Yalienea baada ya Columbine, sekondari ya umma ya viungani Colorado, ambako tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa. Kwa mtoto aliyekimbia milio ya risasi kweli, mazoezi haya yanaweza kufukua mambo. Mwambie mshauri historia yake, na omba ujulishwe siku ya zoezi kabla haijafika. Wakati mwingine wanakubali mtoto akae na mtu mzima anayemwamini.

Vikao vya bodi ni vya raia tu?

Vikao vya bodi ya shule viko wazi kwa wote, na vingi vina muda wa wananchi kusema, dakika mbili au tatu kila mtu, baada ya kujiandikisha. Kura ni suala jingine, inategemea uraia na jimbo. Lakini kusema si kura. Bodi ndiyo inayochora mipaka ya shule, inayokata au kuongeza walimu wa lugha, inayoamua basi la jioni liwepo au lisiwepo. Nilishuhudia akina mama watano wa Kikongo wakija na mkalimani mmoja, kila mmoja akasema sentensi tatu kuhusu basi hilo. Walirudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Basi lilipangwa.

Kuna pia chama cha wazazi na walimu, PTA, chenye historia tangu mwaka 1897. Vikao vyake huwekwa jioni, wakati wengi wetu tuko zamu. Waandikie kwamba mnafanya kazi usiku, mkaombe kikao kimoja cha Jumamosi. Hawawezi kujua wasipoambiwa.

Shule ikinipigia simu na sielewi wanachosema, nifanye nini?

Usikate simu, na usiseme "yes" kwa kila kitu. Jifunze sentensi moja, iandike kwenye karatasi uibandike mlangoni kwa friji: "Swahili interpreter, please." Itamke polepole, kisha ngoja. Ukimya utakuwepo, pengine dakika mbili, pengine muziki. Wanamtafuta mtu. Sauti ya pili ikiingia na kusema "Habari yako mama", taja jina la mwanao na darasa lake, na uanze kuuliza.